Pumzi Kabla ya Stata

Mjini Mpanda, mkoani Katavi, gari likigoma kuwaka, husukumwa. Vijana watatu wanne nyuma, dereva anatia gia ya pili, anaachia klachi, injini inashika. Stata haijaguswa. Ndiyo maana kila ninapofikiria kipima ulevi kinachofungwa ndani ya gari la dereva aliyetiwa hatiani kwa kuendesha akiwa amelewa, swali langu la kwanza ni hili: je, gari likisukumwa?

Ufungaji wake si mgumu. Fundi umeme anakata waya unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye stata, anaweka rilei katikati, na rilei hiyo inasubiri amri ya kisanduku kidogo chenye mrija, kilichofungwa jirani na usukani. Dereva anapuliza mfululizo kwa sekunde kadhaa. Hewa inayotangulia huachwa ipite, maana ni ya mdomoni. Inayotakiwa ni ile ya chini kabisa mapafuni, iliyokaa karibu na damu. Kwa makadirio yaliyozoeleka, pombe iliyomo katika mililita 2,100 za hewa hiyo ni sawa na iliyomo katika mililita moja ya damu.

Humo ndani kuna kihisi chenye platini. Ethanoli ikigusa platini hugeuka kuwa asidi ileile iliyomo kwenye siki, na mgeuko huo huzalisha mkondo mdogo wa umeme. Pombe ikizidi, mkondo unazidi. Vifaa vingi hutegwa vikatae kuanzia takriban miligramu 20 kwa mililita 100 za damu, robo tu ya 80 zinazotajwa na sheria yetu ya Tanzania. Mtu aliyetoka kuonja wanzuki atakataliwa hata kwa funda moja, kwa sababu mvuke bado umemjaa mdomoni. Asukutue kwa maji, asubiri robo saa, apulize tena. Kama alionja kweli, gari litawaka. Kama alikunywa, halitawaka.

Sasa turudi kwa wasukumaji. Kifaa kilichotengenezwa vizuri hakiangalii stata peke yake. Kinahisi pia kwamba injini inazunguka, kwa mfano kwa kusoma umeme unaopanda altaneta inapoanza kuchaji. Injini ikinguruma bila pumzi kupimwa, kinaandika kosa pamoja na tarehe na saa. Hakiizimi injini, na hapa wabunifu walifikiri sawasawa: gari lililozimika ghafla kwenye mteremko, au mbele ya lori, linaua kuliko ulevi wenyewe. Badala yake kinadai pumzi, na kisipoipata honi inalia na taa zinawaka na kuzima mpaka dereva aegeshe.

Dai hilo huja pia safarini, dakika chache baada ya kuondoka na kisha mara kwa mara. Kwangu hiki ndicho kiini cha mtambo wote. Rafiki anaweza kukupulizia pale baa. Hawezi kukupulizia ukiwa umeshafika Sitalike, labda mwende naye njia nzima, na kama yeye ni mzima basi bora ashike usukani mwenyewe.

California ilianza kuvijaribu vifaa hivi kisheria mwaka 1986, Sweden ikafuata mwaka 1999. Matokeo ya Marekani yanaeleweka vizuri: kifaa kikiwa garini, kukamatwa tena kwa kosa lilelile hupungua kwa karibu theluthi mbili. Kikishafunguliwa, sehemu kubwa ya faida hiyo hupotea. Kwa hiyo kinamtenga mlevi na barabara kwa muda, na muda huo usipotumika kumsaidia aache pombe, tutakuwa tumeahirisha ajali tu.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inampa hakimu faini, kifungo na kufungia leseni. Leseni ni kadi. Kuizuia hakuizuii stata kuzunguka, hasa katika mkoa wenye barabara ndefu za msituni kama Katavi, ambako unaweza kwenda mwendo mrefu bila kumwona trafiki. Ndiyo maana naona kifaa hiki kina nafasi kwetu, kama sharti la kurudishiwa leseni. Lakini kanuni ziandikwe kwa uangalifu. Kenya ilileta vipima ulevi vya barabarani kwa kishindo mwishoni mwa mwaka 2013, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikazitengua kanuni zake kwa kuwa hazikuoana na sheria mama. Mashine zilikuwa zinapima. Maandishi ndiyo yaliyoanguka.

Ugumu mwingine ni matunzo. Kihisi huchoka, vumbi na joto la gari lililoanikwa juani havikisaidii, kwa hiyo kinahitaji kusahihishwa kila baada ya mwezi mmoja au miwili kwa gesi yenye kiwango cha pombe kinachojulikana. Siku hiyo hiyo kumbukumbu zake hupakuliwa na kusomwa. Kama kazi hiyo itafanyika Dar es Salaam tu, dereva wa Mpanda ameshindwa kabla hajaanza. Wakala wa Vipimo, wanaokagua mizani na pampu za mafuta, wangeweza kupewa mtungi huo wa gesi na jukumu hilo mikoani.

Bodaboda sioni namna. Inawashwa kwa kiki, na ndiyo usafiri wa mjini Mpanda. Kwa madereva wake, unabaki mrija ulio mkononi mwa trafiki.

Mabasi ndiyo ningeanza nayo, hata kabla ya wenye hatia. Yameshafungwa mfumo wa kufuatilia magari (VTS) unaotuma mwendokasi wake kwa LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, na stendi wakati wa sikukuu madereva hupulizishwa kabla ya safari. Kipimo cha stendi hakijui dereva amekunywa nini pale basi liliposimama kwa chakula. Kilichofungwa kwenye dashibodi kingemdai pumzi nyingine akishapita Inyonga, kuelekea Tabora, abiria wote wakisikia mlio.