Jamani, Joto Linatoka Chini ya Kabati!

Leo ni siku ya tatu tangu niiwashe, na bado kila nikipita jikoni nainama kama mtu aliyedondosha sarafu. Nainama, nanyoosha mkono, na hewa ya moto inanipuliza viganjani kutoka pale chini kabisa, miguuni mwa kabati, mahali ambapo wiki iliyopita palikuwa makao ya vumbi na punje za mchele. Hita ya chini ya kabati! Miaka saba ya baridi nimeishi ndani ya nyumba hii hapa Leicester bila kujua kwamba kitu hiki kipo duniani.

Kwa ndugu zangu wa Tanga na Mombasa, mnaotafuta feni wakati sisi tunatafuta moto, nieleze kidogo. Nyumba nyingi za Uingereza hupashwa joto kwa maji. Boila ya gesi inapasha maji, pampu inayasukuma kwenye mabomba yanayozunguka nyumba nzima, na kila chumba kina rejeta ukutani. Ndiyo, rejeta, jina lile lile la kwenye gari, ila ya gari inatupa joto lisilotakiwa na hii inagawa joto linalogombaniwa.

Sasa jiko letu ni dogo, la nyumba ya miaka ya 1930, na rejeta ilikuwa imeukalia ukuta pekee ambao ungeweza kubeba kaunta. Ukitaka joto huna kaunta, ukitaka kaunta huna joto. Chapati tukawa tunasukumia kwenye meza ya sebuleni, unga unaingia hadi kwenye rimoti ya televisheni.

Hita hii imeumaliza ugomvi huo. Ni sanduku bapa la chuma linaloingia katika ile nafasi ya sentimita 15 hivi kati ya sakafu na tumbo la kabati. Ndani yake kuna bomba la shaba lililovishwa mapezi membamba ya alumini, na nyuma yake feni. Maji ya moto ni yale yale ya rejeta zako. Feni inapuliza hewa kupita kwenye mapezi, na hewa inatoka mbele imeiva. Kwa sababu ya feni, kisanduku hiki kinatoa kilowati 1 hadi 2, kazi ya rejeta ya ukutani yenye kifua kipana. Tena ina akili: feni haizunguki mpaka bomba lenyewe lipate moto, kwa hiyo haikupulizi baridi hata siku moja. Jikoni, ambako rejeta yetu ilikuwa ikichukua nusu saa kujiamsha, sasa dakika kumi zinatosha kuvua koti.

Kuifunga? Nilifunga mwenyewe, na nasema kwa majivuno. Boila sikuigusa: kazi ya gesi hapa kisheria ni ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, sajili iliyochukua nafasi ya CORGI mwaka 2009, na sheria hiyo naipenda kwa sababu naipenda nyumba yangu. Lakini mabomba ya maji mwenye nyumba anaruhusiwa kuyashika. Nikazima mfumo, nikaunga mpira kwenye koki ya chini kabisa, nikayatoa maji nje. Mwe! Yalitoka meusi kama wino wa pweza. Ni kutu ya ndani ya rejeta iliyosagika ikawa tope, na ndiyo maana ukimaliza hujazi maji matupu. Unatia na dawa ya kuzuia kutu. Mabomba ya milimita 15 nikayaleta hadi chini ya kabati, koki mbili, mipira miwili inayopindika, umeme kupitia fyuzi ya ampea 3. Nikajaza tena hadi geji ya boila ikasoma kama bar 1.3, nikatoa hewa kwenye kiskrubu cha hita. Usiisahau hatua hiyo. Mimi niliisahau, na saa nzima nikakaa nimelala kifudifudi nikisikiliza maji yakigugumia, nimeshika tochi kwa meno.

Na ukuta ulioachwa wazi na rejeta? Hapo ndipo raha ilipo. Nimeweka kaunta ya mwaloni, mbao halisi zilizounganishwa kwa gundi, unene milimita 40. Kipande cha mita tatu kina uzito wa kilo 50 na ushee, kwa hiyo mtafute shemeji mapema. Mawe ya kutengenezwa ya kwatsi sikuyataka: vumbi lake wakati wa kukata linaua mapafu ya mafundi, na Australia ililipiga marufuku jiwe hilo kuanzia Julai 2024. Mwaloni unaukata kwa msumeno wako, unaupiga msasa, unaupaka mafuta mara tatu au nne, juu na chini na hasa kwenye ncha zilizokatwa. Unaufunga kwa vyuma vyenye matundu marefu, maana mbao hutanuka na kunywea kadiri unyevu unavyobadilika. Ukizibana kabisa zitapasuka.

Kasoro zipo, msidhani nimerogwa. Feni inasikika. Si kelele, lakini ukiwa unasikiliza taarifa ya habari utaongeza sauti. Nywele na makombo huingia mdomoni mwake, kwa hiyo ni kuifuta mara kwa mara. Boila ikizimwa, nayo inazimika; haina joto lake yenyewe. Na mwaloni una wivu na chuma: usiku wa kwanza niliacha kikaango cha chuma kibichi kwa maji juu ya kaunta, asubuhi nikakuta duara jeusi, kwa sababu asidi ya mwaloni na chuma vikikutana na maji hutoa rangi kama ya wino. Msasa uliitoa, lakini moyo uliniuma.

Kipimo changu cha mwisho ni chupa ya mafuta ya nazi. Huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na miaka yote hii kuanzia Oktoba tumekuwa tukiyachokonoa kwa kijiko kama wachimba madini. Juzi niliisimamisha chupa sakafuni mbele ya hita. Nilipomaliza kukanda unga, mafuta yalikuwa maji, yanacheza.

Mbuzi ya kukunia nazi nayo imehamia hapo hapo mbele ya hita, na mama watoto ametangaza kwamba haitoki hadi Aprili. Alama zangu: tisa kwa kumi. Hiyo moja nimeikata kwa ajili ya feni.