Mistari Myeusi ya Beogram 4000

Mtambo wa kuchezea santuri wa Beogram 4000 ulitoka mwaka 1972 katika kampuni ya Bang & Olufsen ya mjini Struer, Denmark, ukiwa umesanifiwa na Jacob Jensen. Bei yake ilikuwa juu, na mwaka 1978 Jumba la Sanaa za Kisasa la New York likafanya maonyesho ya vifaa ambavyo Jensen aliisanifia kampuni hiyo. Wengi wakauhesabu kuwa pambo la sebule za matajiri. Naona wameusoma vibaya. Kinachovutia macho katika mtambo huu kimezaliwa, karibu chote, na kazi uliyopewa, na ndiyo maana mvuto wake unastahili heshima hata ya mtu asiyejali samani.

Tuanze na mkono. Santuri inapochongwa, kifaa cha kuchongea husogea kwa mstari ulionyooka kutoka ukingoni kuelekea kati. Mitambo mingi ya kuchezea hufunga mkono kwenye egemeo moja pembeni, kwa hiyo sindano huchora tao na hukaa sawasawa na mfereji katika sehemu mbili tu. Kwingine kote inakwenda upogo kidogo. Mkono wa aina hiyo hupindwa ili kupunguza upogo, na kule kupindwa kunazaa tatizo jingine: nguvu inayouvuta mkono kuelekea ndani, ambayo lazima izuiwe kwa uzito mdogo au springi. Bang & Olufsen waliyang'oa matatizo yote mawili kwa pamoja. Mkono wa Beogram 4000 hubebwa na kigari kinachokwenda kwa mstari ulionyooka. Ukianza kupinda hata kidogo, mwale wa taa hugundua, na mota ndogo husogeza kigari mpaka mkono unyooke tena. Unyoofu wanaousifu wapenda usanifu umetoka kwenye jiometria ya santuri yenyewe.

Kando ya mkono huo upo wa pili, usio na sindano. Huu hubeba taa na sensa, na kazi yake ni kuikagua sahani. Pasipo na santuri, mistari myeusi iliyochorwa juu ya sahani ya alumini hupita chini ya taa na kuikatakata nuru inayorudi. Sensa ikiona mapigo hayo, mtambo hukataa kuteremsha sindano. Mikono inaposogea kutoka pembeni, mahali mapigo yanapokoma ndipo santuri inapoanzia, na kwa ukubwa huo mtambo huchagua mwendo: mizunguko 33 na theluthi kwa dakika kwa santuri kubwa, 45 kwa ndogo. Futa mistari ile ili sahani ing'ae zaidi, na sindano ya bei kubwa itashuka juu ya alumini tupu.

Mhandisi mkali atapinga, na ana hoja. Upogo wa mkono wa kawaida uliofungwa vizuri ni wa digrii chache tu, na masikio mengi hayautambui. Mwaka huohuo wa 1972 Technics ya Japani ilitoa SL-1200, yenye mkono uliopinda na mota inayozungusha sahani moja kwa moja, na mtambo huo pamoja na warithi wake wamefanya kazi ngumu kwa miongo mingi mikononi mwa madijei. Kwa sauti peke yake, nakubali, Beogram haikuwa na haki ya kudai bei ile. Lakini saa ya hatari katika kusikiliza santuri ni ile ya kuteremsha sindano, na Beogram iliibeba hatari hiyo yote, msikilizaji akabakiwa na kugusa kibonye. Huo nao ni uhandisi, na una gharama.

Pingamizi zito zaidi limetoka kwa watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive, walioonyesha mwaka 1994 kwamba wasikilizaji wakiziona spika, alama wanazozipa hubadilika. Ushahidi huo unawahukumu vikali watengenezaji wanaovika amplifaya bamba nene la alumini kisha wakadai kwamba unene unasikika. Hauigusi mistari ya Beogram, kwa sababu mistari hiyo haikudai lolote kuhusu sauti: ukifumba macho, bado inafanya kazi yake.

Udhaifu wa kweli uko kwenye matengenezo. Werevu wote huu umeegemea balbu, sensa na saketi. Vikichakaa, mkono hauwezi kuongozwa kwa kidole, ilhali mkono wa egemeo huendelea kucheza santuri ilimradi sahani inazunguka. Anayetaka kununua Beogram 4000 leo atafute kwanza fundi anayeijua saketi yake, ndipo ajadili bei.