Uzito wa Supu Umo Kwenye Boga Lenyewe

Supu ya mboga ya kusaga huharibika mapema, pale sufuria inapojazwa maji. Vipande vya boga huelea, huiva, husagwa, na mpishi hujikuta na maji ya rangi ya chungwa yasiyo na ladha. Ndipo unga wa ngano au mchemraba wa supu unapoitwa kuokoa jahazi. Hakuna kimojawapo kinachohitajika.

Wachaga wa Kilimanjaro wamelithibitisha hilo kwa mtori. Ndizi mbichi hupikwa na nyama ya ng'ombe hadi zilainike, hupondwa kwa mwiko, kisha hurudishiwa mchuzi kidogo kidogo mpaka uzito unaotakiwa upatikane. Wanga wa ndizi ukikutana na maji ya moto huyafyonza na kuvimba. Uzito wote wa mtori hutoka hapo.

Karoti haina wanga mwingi kama ndizi, ila ina pektini, gundi ya asili inayoshikanisha chembe za mmea. Mwaka 1908 daktari wa watoto Ernst Moro alichapisha nchini Ujerumani taarifa ya supu ya karoti kwa watoto wachanga wenye kuharisha. Kanuni inayobeba jina lake ni nyepesi: nusu kilo ya karoti katika lita moja ya maji, ichemshwe zaidi ya saa moja, isagwe, iongezwe maji hadi ifike tena lita moja, na chumvi gramu 3. Leo mtoto anayeharisha hupewa ORS na zinki, lakini kwa mpishi somo la Moro lingalipo: mboga iive kabisa kwanza, vipimo vya maji virekebishwe mwishoni.

Boga lina wanga kiasi na pektini kiasi, kwa hiyo linafaa sana. Lichaguliwe gumu, zito mkononi, lenye nyama kavu ya rangi iliyokolea. Gramu 800 zilizomenywa, karoti mbili, kitunguu maji kimoja, punje mbili za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi hutosha watu wanne.

Kitunguu hutangulia, katika vijiko viwili vya mafuta na chumvi kidogo, moto mdogo, sufuria imefunikwa, kwa dakika 10. Chumvi hukitoa maji, nacho hulainika na kuwa kitamu bila kugeuka kahawia. Saumu na tangawizi hufuata. Kisha boga na karoti hugeuzwageuzwa humo kwa dakika 5 kabla ya tone la maji kuingia. Wengi huiruka hatua hii, ilhali ndiyo yenye faida kubwa: karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huyeyuka kwenye mafuta wala si kwenye maji, na bila mafuta mwili huipata kwa shida. Ukiyatazama mafuta yanavyogeuka manjano, unaiona kazi hiyo ikifanyika.

Maji sasa. Yafike usawa wa vipande, yasivifunike. Baada ya dakika 20 hivi, kipande kikibanwa na mwiko ukingoni mwa sufuria kisagike bila punje. Maji hayo hayamwagwi, kwa hiyo sehemu ya vitamini na madini iliyotoka kwenye mboga hubaki ndani ya supu.

Kwenye blenda tahadhari ni ya lazima, maana mvuke wa supu ya moto unaweza kukirusha kifuniko na kumuunguza mtu. Ipoe kwanza, jagi lijazwe nusu tu, kitundu cha juu kiachwe wazi na kufunikwa kwa kitambaa. Asiye na blenda aisukume kwa mgongo wa kijiko kwenye chujio la waya; kazi ni ndefu, lakini nyuzi zote hubaki juu.

Robo kikombe cha tui zito huingia mwishoni, moto ukiwa mdogo, lisije likakatika. Halafu ndimu. Uchachu wake huichangamsha ladha na kupunguza hamu ya chumvi, ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku.

Inayobaki iingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Kesho itakuwa imeganda zaidi. Iongezwe maji ya moto kidogo na kuchemshwa tena mpaka itokote.