"Lile" au "Yule"? Mabadiliko ya Msimulizi na Huruma ya Msomaji katika Riwaya ya Frankenstein

Ikisiri
Makala haya yanachunguza namna mabadiliko ya msimulizi yanavyoelekeza huruma ya msomaji katika Frankenstein (1818), riwaya ya Kigothi ya Mary Shelley. Yanadai kwamba masimulizi ya kiumbe hayapunguzi makosa yake, bali yanampa nafsi. Na kwamba mfasiri wa Kiswahili hulazimika kuonyesha badiliko hilo katika upatanisho wa kisarufi.

1. Utangulizi
Swali la makala haya lilizuka Litembo, wilayani Mbinga, jioni moja nilipokuwa nikiisimulia riwaya hii kwa Kiswahili. Kiumbe aliyeundwa na Victor Frankenstein nilimwita "zimwi", nikapatanisha ipasavyo: lile, liliua, likatoroka. Nilipomaliza sehemu ambayo kiumbe mwenyewe anasimulia na kurejea kwa Victor, mzee mmoja alinikatiza: "Mwalimu, mbona bado wasema 'lile'? Si amekwisha kusema 'mimi'?" Swali hilo ni la kisarufi na la kimaadili kwa pamoja.

2. Wasimulizi watatu
Robert Walton, aliyenaswa katika barafu ya kaskazini, anamwandikia dada yake barua. Ndani ya barua hizo mna masimulizi ya Victor. Ndani ya masimulizi ya Victor mna ya kiumbe. Mpachiko huu si mgeni kwa msomaji wa Alfu Lela Ulela.

Kiumbe anapoanza kusema, msomaji amekwisha kumhukumu. Mtoto William ameuawa. Justine, mtumishi asiye na hatia, amenyongwa. Kiumbe hakani. Anakiri kwamba alimuua William na kumtilia Justine nguoni picha iliyomtia hatiani. Kinachoongezeka ni yale ambayo Victor hakuyaona: majira ya baridi kando ya nyumba ya De Lacey, lugha aliyojifunza kwa kuchungulia ufa wa ukuta, kuni alizowakusanyia usiku watu wasiomjua. Mzee De Lacey, ambaye ni kipofu, anamsikiliza kwa upole. Felix, mwanawe, anamwona na kumpiga. Msomaji amewekwa mahali pa yule kipofu: anasikia bila kuona.

Yaweza kupingwa kwamba maneno ya kiumbe yanatufikia kupitia kwa Victor, ambaye hata aliyasahihisha maandishi ya Walton. Hata hivyo, Victor ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuyapotosha, naye anamwonya Walton asilaghaiwe na ufasaha wa adui yake. Ikiwa masimulizi hayo yanatugusa hata baada ya kupita kinywani mwa adui, basi uzito wake unaongezeka.

3. Upatanisho kama msimamo
Methali isemayo "zimwi likujualo halikuli likakwisha" hupatanisha zimwi kwa li-. Nami nilifuata mazoea hayo. Lakini matini ya Kiingereza haiko hivyo. Kiumbe anapofumbua macho, Victor anatumia kiwakilishi cha kitu. Katika aya inayofuata anahamia kiwakilishi cha mwanamume. Baadaye matusi yake yamo zaidi katika nomino, kama shetani na mwovu, ilhali kiwakilishi kwa kawaida hubaki cha mtu. Chuki ya Victor inakana kile ambacho sarufi yake inakikiri.

Kwa hiyo, mfasiri anayeshikilia li- tangu mwanzo hadi mwisho humpa Victor uthabiti asiokuwa nao, na kufunga mlango kabla kiumbe hajasema. Ninapendekeza ki- itumike pale kiumbe anapoamka tu, kisha a-: "yule zimwi", "yule shetani". Vivyo hivyo mwishoni, Walton anapokutana na kiumbe kando ya maiti ya Victor, akahurumia kwanza kisha akaghadhibika: hisia zibadilike, upatanisho usibadilike.

4. Hitimisho
Upatanisho wa a- hauleti msamaha. Zimwi la li- huogopwa na kukimbiwa, lakini halishtakiwi. Anayeweza kulaumiwa kwa kifo cha William ni yule tu aliyekubaliwa kuwa nafsi. Mabadiliko ya msimulizi, basi, hayamtaki msomaji achague kati ya kumhurumia kiumbe na kumhukumu. Yanamfanya aweze yote mawili. Mzee wa Litembo hakusema kwamba zimwi halikuua. Alisema tu kwamba aliyeua ni "yule".