Bia ya Shambani na Ladha ya Tunda: Uhakiki wa Maneno ya Kuonja

Mfasiri anapokutana na maelezo ya bia iliyopikwa katika kiwanda kidogo, kwa mtindo wa mashambani, na kutiwa matunda, aghalabu huandika hivi: "pombe ya kienyeji yenye ladha ya matunda". Tafsiri hii ni fupi, inasomeka, wala haina kosa la sarufi. Hata hivyo twaona kuwa imepotoka mahali patatu: katika neno *kienyeji*, katika maneno *yenye ladha ya*, na katika yale isiyoyagusa kabisa, yaani namna kinywaji chenyewe kinavyohisika ulimini.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki mambo hayo matatu. Kipimo chetu ni kimoja: je, mkulima wa kata ya Mpepai, katika Mji wa Mbinga, akisomewa tafsiri hiyo, atakitambua kinywaji kinachoelezwa? Hatukumchagua mkulima huyu ovyo. Nchi ya Wamatengo ni nchi ya pombe ya nafaka na ni nchi ya kahawa, na kazi zote mbili zategemea ujuzi wa kuchachusha. Akishindwa yeye kuielewa tafsiri yetu, kosa si lake.

Yafaa kwanza tukieleze kitu chenyewe. Katika jimbo la Hainaut, kusini mwa Ubelgiji, wakulima walikuwa na desturi ya kupika bia wakati wa baridi, kazi za shamba zinapopungua, na kuiweka hadi kiangazi ili iwe kinywaji cha vibarua wa msimu. Bia hiyo huitwa *saison*, maana yake "msimu". Katika nchi hiyo hiyo, karibu na Brussels, hupikwa bia nyingine iitwayo *kriek*: matunda ya cheri yaliyo machachu hutiwa ndani ya mapipa ya bia iliyokwisha kuanza kuchachuka, yakakaa humo kwa miezi, na sukari yake ikageuka kuwa kileo pamoja na ile ya nafaka. Viwanda vidogo vya leo vimeunganisha desturi hizo mbili.

Mkulima wa Mbinga hataona ajabu yoyote katika habari hizo. Wamatengo hulima milima yao kwa ngolo, yaani mashimo yaliyopangwa mteremkoni katikati ya matuta yaliyofukiwa majani, yanayozuia maji ya mvua yasichukue udongo. Kazi hiyo ni nzito, na katika sehemu nyingi za kusini mwa nchi yetu mwenye shamba hupika pombe, akaalika majirani, wakalima pamoja kisha wakanywa pamoja. Bia ya vibarua wa Hainaut na pombe ya kualikana ni ndugu: zote mbili zimezaliwa na jembe.

Sasa tulitazame neno *kienyeji*. Mtu akienda sokoni leo, kuku wa kienyeji humpatia muuzaji bei kubwa kuliko kuku wa kisasa. Neno hapo ni sifa. Lakini neno hilo hilo likifuata *pombe*, huwa lawama: mnunuzi hufikiria uchafu, ulevi na msako wa polisi. Sababu haimo katika sarufi bali katika historia. Sheria za wakoloni zilitenga vileo vya wenyeji na vileo vya Wazungu, na baada ya Uhuru, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, iliyoandikwa kwa Kiingereza, iliendelea kuviweka vinywaji vya wenyeji katika fungu la peke yake. Kwa hiyo *pombe ya kienyeji* ni jina la leseni. Halisemi kama kinywaji kimetokana na mahindi, ndizi, asali au utomvu wa mwanzi. Mbege, lubisi, ulanzi, wanzuki na komoni vyote vimetiwa katika gunia moja.

Baadhi ya wafasiri wameliona tatizo hili, wakajaribu *bia ya kishamba*. Hapo wameruka majivu wakakanyaga moto. Kiambishi *ki-* kikikaa mbele ya *shamba* huleta maana ya ushamba, yaani kutojua mambo ya mjini. Tunapendekeza *bia ya shambani*, kwa kuwa *-ni* hutaja mahali tu bila kumhukumu mwenye mahali. Na *pombe* libaki kuwa jina la jumla la kila kinywaji kilichochachuka kikawa kileo, kwani ndivyo wasemaji wanavyolitumia.

Kosa la pili ni zito zaidi, maana linaweza kumdanganya mnunuzi. Tuseme mpika pombe wa Mbinga amenunua maembe yaliyotoka mwambao wa Ziwa Nyasa, huko Mbamba Bay. Anaweza kuyaponda na kuyatia katika pombe ikiwa bado inachachuka. Anaweza pia kungoja pombe iive, kisha akatia maji ya embe wakati wa kuuza. Au anaweza kuacha embe kabisa, akatia matone ya dawa ya dukani yenye harufu ya embe. Hivi ni vinywaji vitatu tofauti. Cha kwanza hakina utamu mwingi wa embe, kwa sababu sukari ya tunda imeliwa na hamira. Kilichobaki ni harufu na uchachu. Cha pili ni kitamu. Cha tatu hakina embe hata chembe. Tafsiri yetu inaviita vyote "vyenye ladha ya embe", na kwa hakika ni cha tatu peke yake kinachostahili jina hilo.

Desturi yetu wenyewe ingalitufundisha. Hakuna Mchaga anayesema kuwa mbege ni pombe ya ulezi yenye ladha ya ndizi. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa zichachuke, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Ndizi ni mwili wa kinywaji. Vivyo hivyo lubisi ya Kagera hutokana na maji ya ndizi yaliyokamuliwa, yakachanganywa na mtama uliokaangwa. Na uraka wa Mtwara na Lindi hutokana na mabibo. Kwa hiyo tunapendekeza daraja tatu: *bia ya embe*, ikiwa tunda limechachuka pamoja na nafaka, *bia iliyotiwa embe*, ikiwa tunda limeongezwa baadaye, na *bia yenye ladha ya embe*, ikiwa ni ladha tu. Ofisa anayekagua lebo ataona mara moja faida ya mpango huu.

Hoja ya tatu ni maneno ya kuonja. Kuna wanaodai kuwa Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa kazi hii. Sisi twaona kuwa yapo, ila tunayatumia bila mipaka. *Ukali* ni mfano mzuri. Ndimu ni kali, pilipili ni kali, na gongo ni kali. Msomaji aambiwe kuwa bia ya shambani ni kali, atafahamu nini? Yafaa *ukali* uwe wa kileo kinachochoma koo, na asidi ya tunda iitwe *uchachu*. *Uchungu* uwe wa gome la msesewa katika mbege, au wa hopsi katika bia ya chupa. *Ukakasi* ni ule unaokaza ulimi, kama wa bibo au ndizi mbichi. *Utamu* nao una mashaka yake, kwa kuwa hutaja sukari na hutaja pia kupendeza. Mfasiri anayekusudia sukari na aseme *utamu wa sukari*.

Neno *kuchacha* lataka uangalifu wa peke yake. Chakula kilichochacha kimeharibika. Tukisema bia ya cheri "imechacha", tumeitukana. Lakini mkulima wa kahawa anayajua mambo haya vizuri. Baada ya kumenya buni zake huziacha zichachuke ili ute uachie, kisha huziosha; zikipita muda wake, huharibika na bei hushuka. Anajua basi kuwa kuna kuchachuka kunakotakiwa na kuchacha kunakochukiwa. Na zaidi ya hayo, waonjaji wa kahawa husifu uchachu wa arabika ya milimani, wakaulipia. Tunapendekeza *kuchachuka* liwe jina la badiliko lenyewe, *kuchacha* libaki kwa uharibifu, na *uchachu* liwe neno la ladha lisilo na lawama.

Huenda wakatokea watakaosema kuwa si kazi ya wanalugha kushughulikia vileo. Twawajibu kuwa tangu mwaka 2021, kwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka huo, lugha ya sheria nchini ni Kiswahili. Anayetafsiri sheria ya vileo, kanuni za viwango au fomu ya leseni anaamua, kwa kalamu yake, kama mwanamke anayepika pombe kwa ada ya shule ya wanawe ataitwa fundi au mshukiwa. Akirithi jina la mkoloni bila kulichunguza, amerithi na hukumu yake.

Tungependa basi walimu wawape wanafunzi zoezi dogo la kueleza togwa, embe bichi na bibo pasipo kutumia *tamu* wala *kali*. Wafasiri nao, kabla ya kuandika *kienyeji* au *ladha ya*, waulize kwanza kinywaji kimepikwa kwa nini na tunda limeingia lini. Tafsiri itakayojibu maswali hayo mawili itaeleweka Mpepai, na kama itaeleweka Mpepai itaeleweka popote Kiswahili kinaposemwa.