Ufundi wa Kupanga Biti

Swichi ya mlango wa mashine haina mengi ya kusema: mlango umefungwa au uko wazi. Biti moja yatosha. Lakini katika Modbus, itifaki iliyotangazwa na Modicon mwaka 1979 na ambayo bado imejaa viwandani, ombi la kusoma swichi huchukua baiti 8, jibu fupi kabisa baiti 6, na kila ujumbe hutenganishwa na mwenzake kwa ukimya wa angalau muda wa baiti tatu na nusu. Kwa hiyo itifaki hiyo hupakia hali za swichi nane ndani ya baiti moja. Nauheshimu sana ufundi huu wa kupanga biti, na sababu yangu si kubana matumizi ya waya. Biti zikipangwa vizuri, kidhibiti hupata picha ya kweli ya mashine.

Tuchukue swichi 16 kwenye waya wa biti 9600 kwa sekunde, ambako kila baiti husafiri kama biti 11. Anayeuliza swichi mojamoja atamaliza mzunguko kwa takribani milisekunde 385, bila kuhesabu muda wa kifaa kuandaa jibu. Anayeipa kila swichi rejista nzima na kuzisoma kwa ombi moja atatumia kama 60. Anayezipanga katika baiti mbili, 25 hivi. Sasa tazama mkanda unaopeleka chupa kwa nusu mita kwa sekunde: katika milisekunde 385 chupa imeshasogea karibu sentimita 19. Kidhibiti kinaunganisha habari ya swichi ya kwanza na ya mwisho, kisha kinaamua juu ya mashine ambayo haijawahi kuwa katika hali hiyo.

Kuna watakaosema hayo ni matatizo ya waya wa zamani, leo tuna Etherneti ya megabiti 100. Kwa tangi la maji linalojaa kwa saa nzima, nakubali, hakuna haja ya kuhangaika. Ila fremu ya Etherneti haipungui baiti 64, na kuitumia kubeba biti moja ni ubadhirifu uliopita ule wa Modbus. Ndiyo maana EtherCAT, iliyoletwa na Beckhoff mwaka 2003, hupitisha fremu moja kifaa hadi kifaa, kila kimoja kikichukua na kuweka biti zake fremu ikiwa njiani.

Pingamizi zito zaidi ni la fundi wa zamu ya usiku. Namba 37 kwenye skrini haimwambii kitu mpaka aivunje na kuona kwamba biti 0, 2 na 5 zimewaka. Tena kihisi kipya kikiingizwa katikati, vyote vinavyofuata husogea, na programu husoma mlango ikidhani ni vali. Mpangaji hodari huligundua hilo mapema: hukusanya biti kwa mashine, huacha nafasi tupu mwishoni mwa kila kundi, na hutaja kila biti kwa jina. Upande wa kuandika una hatari zaidi. Vidhibiti viwili vikisoma rejista moja, kila kimoja kikabadilisha biti yake na kuirudisha rejista nzima, cha pili hufuta kazi ya cha kwanza, na mota huzimika bila aliyekusudia kuizima. Amri namba 22 ya Modbus hukiachia kifaa chenyewe kugusa biti zilizotajwa tu. Kifaa kisipoitambua amri hiyo, kila kidhibiti kipewe rejista yake, hata kama biti zake nyingi zitabaki tupu.