Mama aliyelala chini ya kikwembe

Watu walilia. Hiyo ndiyo sifa niliyoisikia zaidi juu ya mchezo ambao vijana wetu waliucheza hapa Gisenyi, na tulipoucheza mara ya pili walilia tena. Mimi ni mmoja wa tuliowasaidia vijana kuutunga. Kwa hiyo kazi ninayoikosoa hapa mikono yangu imo ndani yake, na ninasema tulikosea.

Kwa ambao hawakuuona: mume na mke wamevuka mpaka kutoka Goma, kama wengi wetu, na wamepanga chumba kimoja. Siku moja presha inamwangusha mke sokoni. Upande mmoja unakufa, sauti inapotea. Mume hana franga. Anampiga picha kitandani hospitalini, mdomo umepinda, kifua nusu wazi, mpira wa mkojo unaonekana pembeni, halafu anaitupa katika magrupu ya WhatsApp pamoja na namba ya Momo. Pesa zinaingia. Shangazi wa mke anakuja juu, mume anajibu kwamba bila ile picha bibi yake angekufa. Hapo mwezeshaji anasimamisha mchezo na kuwauliza watazamaji: huyu bwana amefanya vizuri ama vibaya?

Watu walijibu kwa moto. Wengine walimtetea mume, wengine walimtetea shangazi. Mjadala ulichukua karibu saa nzima, na saa hiyo yote binti aliyeigiza mke alikuwa amelala pale mbele chini ya kikwembe, macho yamefungwa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: mama huyu mwenyewe angetaka nini? Siwalaumu watazamaji. Wangejuaje? Katika mchezo wetu mke anaingia na beseni la nyanya, anasalimia, anaanguka. Hatukumpa hata sentensi moja ya kutujulisha ni mtu wa namna gani. Ni mama anayepiga picha na kila mtu, ama ni yule anayejifunika uso akiona simu imeinuliwa? Tulimtunga akiwa mgonjwa tayari.

Muzee mmoja alisimama akasema: "Bibi yangu njo mwili yangu. Nitaomba ruhusa kwa nani?" Akapigiwa makofi. Mama mmoja nyuma akamjibu bila hata kusimama: "Na wewe ukianguka, bibi yako akupige foto bila suruali, atume kwa wakwe?" Kila mtu alicheka, muzee naye akacheka. Kile kicheko kilikuwa hoja bora kuliko zote za siku ile. Mwezeshaji aliipita kwa sababu muda ulikuwa umeisha. Mwezeshaji ni mimi.

Neno la muzee huyo lingestahili kusimamishwa. Watu wengi wanaamini kwamba ukishafunga ndoa ruhusa imetolewa mara moja kwa mambo yote mpaka kifo. Sheria ya nchi hii tunamoishi haisemi hivyo. Inakataza kulala na mwenzi wako wa ndoa bila ridhaa yake. Na mtu asiyejitambua hana namna ya kutoa ridhaa. Mwaka 2024 redio zote zilitangaza kesi ya Avignon, Ufaransa, ya mume aliyekuwa akimlewesha mke wake kwa dawa na kuwaita wanaume wengine wambake akiwa amelala. Mume alihukumiwa miaka 20. Lakini mimi nilishikwa na jambo jingine: mke huyo, Gisèle Pelicot, alikuwa na haki ya kesi isikilizwe milango ikiwa imefungwa, naye akakataa. Aliifungua yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, akiwa macho.

Picha ya hospitalini si ubakaji, najua, na sitaki mtu aseme nimemlinganisha bwana mwenye shida na mhalifu. Nalinganisha kitu kimoja tu, yaani kudhani kwamba mwili wa mwenzako ukishindwa kusema unakuwa wako.

Baada ya mchezo rafiki alinipa kwenye flashi filamu ya Kifaransa inayoitwa Amour, ya Michael Haneke, iliyopata Palme d'Or huko Cannes mwaka 2012. Si filamu ya vibanda vya agasobanuye. Msimulizi angekosa kazi, maana zinapita dakika nyingi hakuna anayesema. Ni wazee wawili wa Paris, walimu wa muziki, wanaochezwa na Jean-Louis Trintignant na Emmanuelle Riva. Mke, Anne, anafanyiwa operesheni ya mshipa wa shingo, inaharibika, upande wa kulia unapooza. Akirudi nyumbani anamwomba mume wake, Georges, amwahidi jambo moja: asimrudishe hospitali tena.

Hapo ndipo nilipoona kosa letu. Haneke anampa mgonjwa neno kabla ugonjwa haujamnyang'anya maneno. Tangu hapo kila anachokifanya Georges tunakipima kwa neno hilo. Mhudumu mmoja anamchana Anne nywele kwa nguvu na kumwekea kioo ajitazame wakati hataki. Georges anamfukuza kazi. Binti yao anapokuja, baba ameshafunga chumba cha mama kwa ufunguo, na anamweleza kwamba mambo ya namna hii si ya kuonyeshwa watu. Yule bwana wa mchezo wetu angefunga mlango kama huu hata mara moja? Sisi tulimwandikia simu, hatukumwandikia mlango.

Lakini sipendi watu wanaoitaja filamu hii kama mfano mtakatifu wa mapenzi. Mlango uliofungwa nao una hatari yake. Nyuma ya mlango huo Anne anatema maji, na Georges, aliyechoka, anampiga kofi. Mwishoni anamziba pumzi kwa mto mpaka anakufa. Mke aliomba asipelekwe hospitali. Je, aliomba na hilo? Kwa wakati ule alikuwa hawezi tena kujibu, na kwa sababu mlango umefungwa hakuna mtu mwingine wa kuuliza. Sisi tunaofanya kazi na familia tunaijua hii "siri ya chumba". Mara nyingi wanaoitetea kwa sauti kubwa ndio wenye kitu cha kuficha. Kwa hiyo siwezi kuandika tu kwamba mgonjwa afichwe. Aliyefichwa kabisa naye amenyang'anywa kitu: jicho la tatu, la dada, la jirani, la muuguzi, linaloweza kuona kofi. Ninachouliza ni nani anachagua jicho gani liingie.

Karibu na sisi kuna mfano mwingine, na wapenzi wa filamu za Bongo wanaukumbuka. Sajuki, yaani Juma Kilowoko, aliumwa muda mrefu kabla ya kufariki Muhimbili tarehe 2 Januari 2013. Mke wake, Wastara Juma, ambaye naye ni mwigizaji, alihangaika naye hadharani, watu wakachanga apelekwe India. Picha za Sajuki amekonda zilienea kila mahali, na wengine walisema ni aibu. Mimi siioni aibu hapo. Sajuki alikuwa na akili zake na sauti yake, alisimama mbele ya watu akiwa mgonjwa. Uso ulikuwa wake na aliutoa mwenyewe. Ukiweka picha zake kando ya picha ya mama wa mchezo wetu, zote zinaonyesha mgonjwa, zote zinaomba msaada, lakini hazifanani.

Sasa niseme kwa nini hili linaniuma. Mchezo ule haukutoka hewani. Kabla yake kulikuwa na mama wa kweli, na bwana wa kweli aliyenijia usiku na simu mkononi kwa sababu yeye kuandika ni shida. Deni lilikuwa limemzidi, mituweli haikufunika kila kitu, na alikuwa hajalala siku tatu. Alikuwa na picha tatu. Moja mke alikuwa amefunikwa mpaka shingoni, na kitambaa kichwani. Nilichagua ile mbaya zaidi. Nilimwambia bwana kwamba ile ya kutisha ndiyo inayoleta pesa. Niliandika tangazo mimi, nikatuma mimi kwanza.

Pesa zilikuja, sikatai. Mama alipona kiasi, na baada ya miezi akaanza kusema tena, polepole. Siku moja aliiona picha yake katika simu ya mtoto wa jirani. Nilipoenda kumsalimia aliniuliza: "Ni nani alichaguaka hiyi?" Hakuuliza nani alipiga. Aliuliza nani alichagua. Bwana wake aliangalia chini, mimi nikanyamaza, halafu nikasema ni mimi.

Hakunifukuza. Alisema angekubali picha. Angekubali hata mbele ya grupu la soko. Lakini angefunga kitambaa, na asingekubali itumwe katika grupu la kanisa ambamo wamo wakwe zake, waliokuwa wakimsema tangu Goma. Yale mambo mawili tu, kitambaa na grupu moja, na bwana aliyajua yote mawili. Miaka ya ndoa ilikuwa imemfundisha. Angeulizwa "mama angetaka nini?" angejibu mara moja. Hakuulizwa, maana mimi nilikuwa na haraka ya kusaidia.

Wasomaji wanaofanya kazi katika mashirika watasema wao wana fomu ya ridhaa. Ni kweli, na sheria ya Rwanda Na. 058/2021 ya tarehe 13/10/2021 juu ya ulinzi wa data binafsi na faragha inaziweka habari za afya ya mtu kati ya zile zinazotakiwa kulindwa zaidi. Lakini naomba mkumbuke ni mara ngapi fomu hiyo imetiwa saini na mume kwa niaba ya mke aliyelala, na hakuna aliyemuuliza mume zaidi ya jina na namba ya simu. Saini inasema nani yuko karibu na kitanda. Haisemi mgonjwa alikuwa akipenda nini alipokuwa anasimama.

Tumeanza kuufanyia mchezo marekebisho. Wazo halikutoka kwangu, lilitoka kwa binti anayeigiza mke, ambaye alisema amechoka kulala. Aliomba dakika mbili mwanzoni kabisa. Mke yuko mbele ya kipande cha kioo, mume anainua simu ampige picha, na yeye anasema: "Ngoja kwanza nifunge kitambaa. Na usitume kwa mama yako." Watu watacheka. Kisha beseni la nyanya, kisha anaanguka, na yote mengine kama zamani, hata swali.

Kijana anayeigiza mume amelalamika. Anasema kwa sentensi hiyo moja tumemharibia sehemu yake, kwamba zamani watu walimlilia na sasa watamkasirikia. Nimemwambia tujaribu hivyohivyo Jumamosi.